Hukumu Iliyoapiwa Kabla Haijasomwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, walipika, walioana na kushtakiana kama sisi, palikuwa na jaji mmoja aliyechoka.

Jina lake Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kama mkate wa boflo, hana mkia. Ungemwona ameketi kwenye jiwe lake ungedhani ni panya aliyeshiba. Kumbe alikuwa mmoja wa majaji watatu wa Mahakama ya Upeo ya nyika nzima, na juu ya mahakama hiyo hapakuwa na nyingine.

Hilo ndilo lililomchosha. Ngiri akikosea kwenye baraza lake la kijiji, kuna Nyati wa mahakama kuu wa kumsahihisha. Nyati naye akikosea, kuna wale watatu. Lakini wale watatu wakikosea, hakuna tena pa kwenda. Kosa lao linakuwa sheria, na watoto wanazaliwa ndani yake. Bi Pimbi alilala na fikra hiyo na kuamka nayo. Asubuhi aliuangalia uji wake mpaka ukapoa, mumewe akamuuliza kama chumvi imezidi, naye hakusikia.

Wenzake wawili walikuwa Mzee Tembo, jaji mkuu, na Bwana Kiboko. Wazee wanasema pimbi na tembo ni watu wa ukoo mmoja, ingawa ukiwaona wamesimama pamoja utacheka. Kwa hiyo Bi Pimbi alimwita Tembo Kaka, na Tembo alimwita Dada. Kiboko yeye aliitwa Bwana, kwa sababu alipenda kuitwa hivyo.

Kazi ya watatu hao ilikuwa kubwa na haikuwa na shangwe yoyote. Walisikiliza rufaa za mwisho. Wanyama wakibishana juu ya maana ya Katiba, wao ndio waliosema maana yake ni ipi. Mfalme akitoa amri, wao ndio walioipima kama inaingia ndani ya Katiba au inatoka nje. Na kila walipoamua, walitakiwa kutoa sababu, kwa sauti, mbele ya aliyeshinda na aliyeshindwa.

Katiba yenyewe ilichongwa kwenye jabali karibu na bwawa. Ilichongwa baada ya ukame mkubwa, wanyama walipouana kwa ajili ya maji mpaka waliobaki wakaona aibu. Ilikuwa na mambo mengi, ila la kwanza lilikuwa hili: maji ya bwawa ni ya kila mwenye pumzi, yakipungua, yanywewe kwa zamu, hakuna atakayeyafunga. Chini yake palikuwa na alama za nyayo, na ukucha wa mfalme wa wakati ule, babu yake Simba.

Sasa, mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha. Bwawa likashuka, matope yakaonekana pembeni. Simba akatoa amri: bwawa lizungushiwe uzio wa miiba, wanywe yeye na nyumba yake na marafiki zake, wengine wakatafute kwingine. Kwingine kwenyewe hakukuwepo.

Katika wale wengine alikuwamo mjane mmoja, digidigi, jina lake Mama Kadzo. Mumewe alikufa msimu uliotangulia, akamwachia watoto wawili. Mtoto mdogo alipoanza kulegea shingo kwa kiu, Mama Kadzo hakungoja tena. Mchana wa jua kali, walinzi wakisinzia, alipenya chini ya miiba, mgongo ukachanika, akamnywesha mtoto. Wakati wa kutoka, mtoto alikohoa. Fisi akawadaka.

Ngiri alihukumu kwamba amri ni amri, na mama yule afukuzwe nyika pamoja na wanawe, apelekwe ng'ambo ya vilima ambako hakuna hata umande. Nyati alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba kama kuna mwenye malalamiko juu ya amri ya mfalme, aende juu. Basi Mama Kadzo akaja juu, amesimama kwa miguu yake myembamba, watoto wamejificha nyuma yake.

Fisi ndiye aliyekuwa wakili wa mfalme. Msimdharau, alijua kusema. Alieleza kwamba maji yamepungua kweli, kwamba kila mtu akiachiwa anywe bwawa litakauka, na kwamba mfalme amelifunga kwa nia ya kulihifadhi. Wanyama wengine hata walitikisa vichwa kukubali. Bi Pimbi alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu upande wa mfalme nao ni upande. Kisha akauliza swali moja.

"Wakili, ndani ya uzio wanakunywa nani?"

"Mfalme na nyumba yake, Mheshimiwa."

"Na nani tena?"

Fisi alijikuna sikio. Akasema kuna rafiki mmoja au wawili. Bi Pimbi akangoja. Mwishowe Fisi akatazama pembeni, akasema kwamba Bwana Kiboko ameachiwa aendelee kukaa majini kama kawaida yake.

Watu wote wakamgeukia Kiboko. Kiboko akapiga mwayo mrefu, meno yote nje, kama mtu aliyesikia habari za mwaka juzi.

Baada ya kikao Bi Pimbi alimfuata, akamwomba kwa adabu ajitoe kwenye kesi ile, maana maji anayolalia ndiyo yanayogombaniwa. Kiboko akamjibu kwamba yeye amezaliwa majini na atafia majini, na kama kila jaji atajitoa kwa jambo linalomgusa basi Pimbi naye asisikilize kesi za mawe. Akaenda zake, akiacha nyayo za matope mpaka mlangoni.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kulala upande, Bi Pimbi alikuwa mbele ya nyumba yake akianika majani ya kufanya tandiko, akamwona Fisi anapanda mawe, ulimi nje, amebeba salamu za mfalme.

Salamu zilikuwa ndefu. Mfalme anajua Bi Pimbi amelitumikia taifa. Mfalme anajua amechoka. Kule kwenye kilima cha ikulu kuna pango kavu, upepo unaingia vizuri, na ukoo mzima wa pimbi unaweza kuhamia. Halafu Fisi akashusha sauti. Alisema mfalme ameagiza walinzi wakae juu ya kilima hicho mchana kutwa, watazame angani, na Tai asisogee hata kidogo.

Bi Pimbi aliacha kuanika majani.

Tai alikuwa amemchukulia watoto wawili. Mmoja asubuhi moja alipokuwa akiota jua juu ya jiwe. Wa pili mwaka uliofuata, jiwe lile lile. Tangu hapo hakuna siku aliyokula bila kuinua kichwa juu kila baada ya tonge. Wanawe waliobaki nao walijifunza hivyo hivyo. Walikula kwa hofu, walicheza kwa hofu. Naye alikuwa anachoka, jamani. Pale pale alijiona amekaa mlangoni mwa pango lile, anakula taratibu, macho chini, kama watu wengine. Ilimjia picha hiyo ikamkaa kifuani, na hakuifukuza haraka kama alivyopaswa.

"Na mfalme anataka nini?" aliuliza mwishoni.

"Amani tu. Rufaa itupwe, mambo yaishe."

Bi Pimbi alitazama vidole vyake. Kisha alisema polepole: "Mwambie Mfalme nimesikia kila neno. Na mwambie hivi: hukumu ikitolewa hivi hivi, wanyama watasema imetoka mfukoni mwake. Hawataishika. Kama anataka ishike, aje mwenyewe mahakamani, aape mbele ya wote kuitii kabla haijasomwa, na wengine wote waape baada yake. Hapo hata mwanawe na mjukuu wake hawataweza kuitengua."

Fisi alifurahi mpaka akacheka kile kicheko chake. Mfalme atapenda, alisema. Mfalme anapenda sana watu waape.

"Na kesho," Bi Pimbi akaongeza, "nitawaambia wenzangu kwamba ulikuja hapa."

"Waambie tu," alisema Fisi, ameshageuka kuteremka. "Nimeshapita kwao."

Majaji walipokutana kushauriana, Bi Pimbi aliwaambia kweli. Mzee Tembo alitazama chini, mkonga wake ukichora chora vumbini, na kwa kuchora kule Bi Pimbi akajua kwamba naye ameahidiwa kitu. Baadaye alikuja kujua kwamba hakuahidiwa, alitishwa. Simba alimkumbusha tu kwamba ana ndama wengi, na ndama hawezi kumfuata mama yake kila mahali.

Kiboko ndiye aliyeanza. Alisema hakuna haja ya maneno mengi. Rufaa imetupwa, kila mtu aende kwake, jua kali. Tembo akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba pengine Bwana Kiboko ana hoja.

Wawili dhidi ya mmoja, basi. Mwingine angepiga kelele. Bi Pimbi hakuwa na nguvu ya kelele. Akamgeukia jaji mkuu.

"Kaka, mimi nimechoka. Sitabishana nanyi. Wewe ndiye mkubwa wetu, iandike hukumu wewe. Andika kwamba mfalme anaweza kufunga maji, na useme ni kwa nini. Ukipata sababu ambayo unaweza kuisoma huku unamtazama Mama Kadzo usoni, basi mimi ndiye niliyekosea, na nitatia unyayo wangu chini yake bila neno."

"Bila neno?" Kiboko aliuliza.

"Bila neno."

Kiboko aliona amepewa ushindi bure. Akarudi bwawani. Tembo naye akaona mzigo umepungua, maana alitarajia vita. Hakujua, masikini, kwamba ndio kwanza ametwikwa.

Kulipopambazuka, Tembo alikwenda kusimama mbele ya jabali la Katiba. Waliopita asubuhi walimwona. Waliopita jua la utosi walimwona bado yupo, masikio yakipepea, anasoma kwa kupapasa herufi na ncha ya mkonga kama kipofu. Alitafuta neno "isipokuwa". Alitafuta neno "mfalme anaweza". Alianza kusema sababu peke yake kwa sauti ya chini, akafika katikati, akasimama, akaanza upya. Ngedere waliokuwa mtini walimwiga mpaka wakachoka wenyewe.

Bi Pimbi huku nyuma hakustarehe. Alikuwa amecheza kamari, na alichokitegemea kilikuwa dhamiri ya mwenzake. Tembo angeweza kuandika uongo mzuri. Wakubwa wanajua kuandika uongo mzuri. Na yeye alikuwa ameahidi, na ahadi yake ilikuwa ya kweli.

Alasiri Tembo alipanda mpaka chini ya mawe ya Bi Pimbi.

"Sikuipata."

"Hukupata nini, Kaka?"

"Sababu. Nimeitafuta tangu asubuhi. Kila nikianza na mfalme, naishia kwa yule mama na mwanawe." Alivuta pumzi, vumbi likapaa. "Nikasema niseme tu kwamba maji ni machache. Lakini Katiba imeshalisema hilo. Inasema zamu. Haisemi uzio."

Bi Pimbi akateremka, akakaa kwenye jiwe lililokuwa sawa na jicho la Tembo.

"Dada, nina ndama," Tembo alisema.

"Najua."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa," alisema Bi Pimbi. "Nimesoma lile jabali maisha yangu yote, sijaona mahali palipoandikwa jaji asiogope."

Tembo alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka, na Bi Pimbi naye akacheka. Kisha wakakaa wakaiandika hukumu pamoja, neno kwa neno, wakijibu kila hoja ya Fisi, hata zile nzuri. Walipomaliza walimpelekea Kiboko aisome, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua. Kiboko aliisoma, akasema yeye hakubaliani. Wakamwambia aandike kwa nini hakubaliani, isomwe pamoja na yao. Akasema ataandika. Hakuenda kumwambia mfalme. Sijui kwa nini. Pengine alikuwa na uvivu tu, au pengine ndani ya ile ngozi nene kulikuwa na jaji bado.

Siku ya hukumu nyika nzima ilikuja. Punda milia, swala, nguchiro, kobe, wote midomo imekauka. Mama Kadzo alisimama mbele. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala chini, hasimami tena.

Simba alikuja na wake zake na wanawe, manyoya ya shingo yamechanwa. Fisi alimnong'oneza. Bi Pimbi, akiwa mdogo wa majaji, ndiye aliyekuwa na kazi ya kufungua kikao. Alisema kwa sauti yake nyembamba kwamba hii ni mahakama ya mwisho na hukumu yake haina rufaa, na kwamba Mfalme, kwa hiari yake, amekuja kuonyesha mfano kwa watu wake.

Simba akasimama, akatazama umati, akanguruma ngrrruu, mpaka mawe madogo yakaporomoka.

"Naapa kwa ukucha wa babu yangu," alisema. "Yeyote atakayelipinga neno la mahakama hii leo, awe mkubwa, awe mdogo, atatoka katika nyika hii na hatarudi. Nami naapa wa kwanza."

Wake zake wakaapa. Wanawe wakaapa. Fisi akaapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha wanyama wote, mmoja mmoja, wakaapa kwa unyonge, maana walidhani wanaapia kiu yao wenyewe. Mama Kadzo aliapa mwisho. Aliapa huku machozi yanamtoka, na Bi Pimbi ilimbidi atazame pembeni.

Mzee Tembo akasoma.

Alisoma taratibu. Alianza na hoja za mfalme, akazieleza vizuri kuliko Fisi, na Simba akatabasamu. Kisha akasoma hoja za mjane. Kisha akasoma maneno ya jabali. Alipofika kwenye sababu, aliinua uso akamtazama Mama Kadzo, akaendelea kusema bila kuangalia alichoandika. Alisema kwamba mfalme ana mamlaka ya kupanga zamu za maji, na hana mamlaka ya kuyafunga. Amri ile iko nje ya Katiba tangu siku ilipotolewa. Mama Kadzo hakuvunja sheria, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuvunja. Uzio uondolewe leo. Maji yanywewe kwa zamu, na mfalme naye apange foleni.

Kisha Kiboko aliinuka kusoma maoni yake. Alifungua mdomo. Alisema kwamba mfalme ameamuru. Alisimama akitafuta la kuongeza, hakupata, akaketi.

Wanyama wote wakamgeukia mfalme.

Simba alitembea mpaka mbele ya meza ya majaji. Alimpita Tembo, akasimama mbele ya Bi Pimbi, pumzi yake ikampulizia masharubu.

"Umenidanganya."

"Hapana, Mfalme," alisema Bi Pimbi. "Nilikuomba uje uape kuitii hukumu. Sikusema ni hukumu gani. Nawe hukuuliza, kwa sababu ulidhani umeshainunua."

"Naweza kukumaliza hapa hapa."

"Unaweza. Hukumu itabaki, na kiapo chako kitabaki."

Simba aliinua mguu. Bi Pimbi alifumba macho. Alifikiri juu ya wanawe, na juu ya uji ambao hakuumaliza asubuhi ile.

Alichosikia ni nyayo zikiondoka. Alipofumbua macho aliona mke mkubwa wa Simba anatembea kuelekea bwawani, hana haraka. Alifika kwenye uzio, akaushika kwa meno, akavuta. Chwaraa! Miiba ikaanguka. Akageuka, damu mdomoni.

"Tumeapa," alimwambia mumewe, basi.

Wake wengine wakamfuata. Kisha wanawe. Fisi alitazama huku, akatazama kule, akaenda naye kuvuta. Simba alibaki na mguu hewani, peke yake, na mwisho ikambidi aushushe mahali fulani. Akaushusha chini. Akaondoka kuelekea kilimani, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu wote walikuwa wanakimbilia zamu. Alistahimili huko siku chache. Kisha kiu ikamshusha, akapanga foleni nyuma ya punda milia, akitazama mbele.

Mtoto mdogo wa Mama Kadzo alipewa zamu ya kwanza. Alibebwa. Alikunywa, akalala, akaamka akanywa tena. Aliishi.

Jioni ya siku ile ya hukumu, Mama Kadzo alipanda mpaka kwenye mawe ya Bi Pimbi, mgongo wake bado una vidonda vya miiba, akapiga magoti kumshukuru. Bi Pimbi alikuwa amejilaza, amechoka hata kuinuka. Alimwomba asimame.

"Usinishukuru, mama," alisema. "Ningeona kwamba Katiba iko upande wa mfalme, ningekuhukumu ufukuzwe, huku nikimwona mwanao pale chini alipolala."

Mama Kadzo alitaka kukasirika, hakuweza. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama angeweza kweli kufanya hivyo.

"Ningefanya," alisema Bi Pimbi. "Na sijui ningelala vipi baada yake."

Mjane yule akatikisa kichwa, akaaga, akarudi kwa wanawe. Bi Pimbi alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya vichaka.

Hadithi yangu imekoma hapo, na asiyeridhika nayo akate rufaa kwa bibi yake. Ila mshike hili, wanangu: jaji wa mwisho hakuwekwa pale kumpendeza mwenye nguvu wala kumpendelea mnyonge, amewekwa aseme sheria ilivyo na kwa nini, hata kama anaogopa.